Kadi Iliyorudi Dukani

Jioni hiyo Giga alikuwa amebakiwa na kazi mbili tu: kubandika lebo kwenye kadi ishirini, na kununua balbu. Balbu ya sebuleni ilikuwa imeungua tangu jana, na mkewe alikuwa amempigia mara tatu kumkumbusha, maana alimjua mumewe.

"Baba Kipusa, usirudi bila balbu. Leo sitaki hadithi."

Jina alilopewa na wazazi wake tuliache. Mtaa mzima ulimwita Giga, kwa sababu kibanda chake cha kioo kilikuwa kinauza memori kadi za simu na kamera, na kwa sababu hakuwa na neno jingine mdomoni. Giga thelathini na mbili, giga sitini na nne, giga mia na ishirini na nane. Kwa bei ambayo ukiisikia lazima ugeuze shingo. Watu walikuwa wanayapita maduka makubwa, wanakuja kwake, na wanaondoka wanacheka.

Sasa nikwambie walichokuwa wanakichekelea. Kadi zile zilikuwa na giga mbili. Mbili tu. Giga alikuwa anazinunua kwa kilo kama misumari, anazichomeka kwenye kompyuta, anaziendeshea programu anayoijua yeye, na kadi inaanza kuidanganya simu kwamba ni kubwa. Kisha anabandika lebo. Ukiijaza picha haikatai wala hailalamiki. Ikifika mwisho inarudi mwanzo kimyakimya na kuandika picha mpya juu ya zile za zamani, na wewe unaendelea kupiga, meno nje, hujui kwamba kila picha unayoiongeza inaila nyingine. Utakuja kujua siku utakapozitafuta. Na siku hiyo Giga atakwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mali ikishatoka hairudi, ndugu yangu. Labda umeitia maji."

Nyumbani kwake, kwenye simu yenye picha za binti yake, alikuwa ameweka kadi halisi, ya duka la watu wengine. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Na alikuwa na zoea moja. Kadi za simu ni ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, zinapotea ovyo, kwa hiyo mikono yake ikiwa na kazi alikuwa anaibana kadi kati ya midomo, kama fundi cherehani na pini zake. Mkewe alikuwa amemkemea mpaka akachoka.

Alibandika lebo ya mwisho, akashusha mlango wa chuma nusu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghorofa. Akainama kuchukua kufuli.

Akaona miguu.

Viatu vya kike, vyeusi, vimejaa udongo mwekundu. Vimesimama nje, ncha zimeelekea dukani. Hakuwa amesikia mtu akija.

"Tumefunga, mama."

"Sitakuchelewesha." Sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kunong'ona. "Nimerudisha kadi."

Giga alishusha pumzi kwa uchovu. Wateja wa namna hii alikuwa anawapata kila wiki. Akainua mlango kidogo, na mwanamke akaingia akiwa ameinama. Aliingia na harufu. Dawa ya kikohozi, ile tamu ya watoto, yenye ladha ya machungwa.

"Mali ikishatoka hairudi, mama yangu. Labda..."

"Sitaki hela. Nataka uiangalie tu." Akafungua kiganja. "Nilikuja kwako na mwanangu mgongoni. Nikakwambia anaumwa, nataka kadi ya kukaa. Ukaniambia, chukua hii, mpaka wajukuu wako wataiona."

Giga hakumkumbuka hata kidogo. Maneno hayo alikuwa anamwambia kila mtu. Akatabasamu lile tabasamu lake la biashara.

"Aaa, nimekukumbuka! Hajambo mtoto?"

Mwanamke alimtazama tu, macho makavu, hapepesi.

Giga akaichukua kadi, ili yaishe. Ilikuwa ya baridi. Akaanza kutafuta kile kifaa cha kusomea kadi kwenye droo iliyojaa nyaya, mkono mmoja hautoshi, na kwa zoea, bila kufikiri, akaibana kadi kati ya midomo.

Ladha ya machungwa ikamjaa kinywani. Na chini ya machungwa, kitu kingine. Kama udongo uliolowa.

"Mwanangu naye alikuwa hivyohivyo," mwanamke alisema taratibu. "Kila kitu mdomoni."

Giga alishtuka. Kwikwi ikampiga, moja, kubwa. Midomo ikafunguka, na kadi ikateleza nyuma ya ulimi... ikashuka.

Alikohoa. Alijipiga kifuani. Alitia vidole kooni mpaka machozi yakamtoka. Wapi!

"Nimeimeza," alisema. "Mama, kadi yako nimeimeza. Imepotea."

"Haijapotea." Kwa mara ya kwanza uso wa mwanamke ulilegea. "Nilimpiga picha na video miaka mitatu. Akicheka, akioga, akilala. Siku alipokufa nikaifungua niusikie mcheko wake, maana alikuwa akicheka anamalizia na kwikwi, tukawa tunamwita hivyo, Kwikwi. Unajua nilikuta nini? Siku nne. Siku nne za mwisho tu. Za kitandani, na mirija puani. Kadi yako ilikuwa imekula mtoto wangu mzima na kuniachia anayekufa."

Giga alifungua mdomo kusema neno. Kwikwi nyingine ikamkata.

"Na wewe utabakiwa na za mwisho," mwanamke alisema. Akainama, akapita chini ya mlango, akaenda zake. Viatu vyake havikutoa sauti kwenye sakafu.

Balbu, bila shaka, aliisahau.

*

Nyumbani kulikuwa na mchezo. Kila jioni Kipusa, binti yake wa miaka sita, akisikia geti, anakimbilia nyuma ya pazia refu la sebuleni. Baba anaingia na kusimama katikati ya chumba na kupiga kelele, "Jamani! Nani kaniibia mwanangu?" Anatafuta chini ya meza, ndani ya kiatu, kwenye kikombe, huku vidole vya miguu vya mtoto vinaonekana wazi chini ya pazia na pazia lenyewe linatikisika kwa kicheko. Mwanamume huyu alikuwa mwongo kwa dunia nzima, lakini kwa mchezo huo hakuwahi kuwa mvivu hata siku moja.

Jioni hiyo sebule ilikuwa giza. Mkewe alikuwa jikoni, na mwanga wa jikoni ulifika mpaka nusu ya sakafu. Giga akawasha tochi ya simu.

"Jamani... nani kaniibia mwanangu?"

Kicheko kidogo nyuma ya pazia. Akamulika meza. Akamulika kiatu. Kisha akamulika chini ya pazia.

Miguu ilikuwa minne.

Miwili ya Kipusa, yenye soksi za njano. Na pembeni yake miwili midogo zaidi, mitupu, ina udongo mwekundu katikati ya vidole.

Alivuta pazia kwa nguvu mpaka pete zake zikalia. Kipusa peke yake, mikono mdomoni, anacheka.

"Umeniona! Na huyu mwingine nimwambie atoke?"

"Mwingine nani?"

"Uliyekuja naye." Mtoto alinyoosha kidole kwenye kifua cha baba yake. "Ameingia hapo. Ana kwikwi."

*

Usiku Giga alilala kama kawaida. Balaa lilianza asubuhi, wakati mkewe alipokuwa anamfunga Kipusa nywele na kumchokoza mumewe.

"Huyu kichwa kigumu tangu tumboni. Unakumbuka siku aliyozaliwa, ulivyovaa shati ndani nje, daktari akakuuliza kama wewe ndiye mgonjwa?"

Giga alicheka. Alicheka kwa sababu mkewe alicheka. Alipoitafuta siku ile kichwani hakuikuta. Pale ilipokuwa palikuwa na kitu kingine, kimekaa sawasawa, kina rangi na harufu: beseni la bluu, maji ya uvuguvugu, na mtoto wa kiume anayepiga maji kwa viganja mpaka yanaruka ukutani. Mtoto ambaye hakuwahi kumwona.

Mchana akampoteza mama yake mzazi. Alijua kuwa alikuwa na mama, kama unavyojua kuwa kuna miji usiyowahi kufika. Uso, hakuna. Badala yake alijua kwamba mtoto yule wa kiume anaogopa sauti ya blenda. Siku ya pili harusi yake ilikwenda, yote, na akajua maziwa yanatakiwa yawe na moto kiasi gani ili Kwikwi ayanywe. Alifungua simu, akatazama picha za binti yake, zote zipo, safi, kadi halisi haikuwa na kosa. Kipusa anatambaa. Kipusa na meno mawili. Alizitazama kama unavyotazama picha za mtoto wa jirani, na hapo ndipo moyo ulipomlipuka, akalia peke yake ndani ya kibanda chake cha kioo, watu wakipita.

Siku ya tatu alimwendea fundi simu wa kibanda cha jirani, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye hakuwahi kumficha ukweli. Akamwuliza kama anayeuliza habari ya mteja.

"Kadi ikianza kula vya zamani, fundi, unaitibu vipi?"

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa anailehemu. "Kadi zako hizo? Zina chumba kimoja, zinajitangaza ghorofa. Vilivyokwenda havirudi. Unaitoa haraka kabla haijamaliza, basi."

"Na kama haitoki?"

"Unamrudia mwenye nayo." Hapo akainua macho, akamtazama Giga vizuri, na pua ikamcheza. "Umekunywa dawa ya mtoto? Unanukia machungwa."

*

Hakujua mwanamke anakaa wapi. Hakumwuliza jina. Lakini siku ya nne, jua likielekea kuzama, alifunga duka, akasimama njiani, na miguu ikajua.

Ilimpitisha uchochoro wa mafundi viatu. Ilimrusha mtaro kwa miguu miwili pamoja, kama mtoto. Ilimfikisha kwenye ukuta mrefu, na mkono wake ukanyooka wenyewe kuparaza matofali mpaka mwisho, na alijua kwamba matofali ni mia moja na kumi na mbili, kwa sababu mtu fulani alikuwa akifundishwa kuhesabu pale, mkono kwa mkono na mama yake.

Mlango ulikuwa wazi.

"Umechelewa," mwanamke alisema kutoka ndani. "Maji ya kuoga yameshapoa."

Beseni la bluu lilikuwa katikati ya chumba. Giga alipiga magoti pembeni yake. Kiburi chote kilikuwa kimemwisha.

"Nisamehe, dada yangu. Nilijua ni feki. Nilijua, nikakuuzia. Nitafunga duka, nitazichoma zote. Itoe tu. Nina mtoto. Nimeshampoteza tangu anazaliwa mpaka juzijuzi, nimebaki na siku chache..."

"Siku ngapi?"

Giga alihesabu kichwani.

"Nne."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

"Usiku ule, kabla hatujamzika, shangazi yangu ndiye aliyemwosha," alinong'ona. "Ni kazi yake, kuosha maiti. Nilimwonyesha kadi, nikamwambia mtu aliyeniuzia hii amenilia mtoto. Akaniambia nimwekee Kwikwi kadi hiyo chini ya ulimi, ilale naye mpaka alfajiri. Nikamwekea. Mengine alisema usiulize, na sikuuliza."

Giga alishika mdomo kwa mikono miwili. Chini ya ulimi... na yeye alikuwa ameibana kati ya midomo.

"Inaweza kutoka," mwanamke aliendelea. "Shangazi anajua. Lakini ikitoka, naye anaondoka. Nitamzika mara ya pili. Wewe ni mzazi. Ungekuwa mimi, ungeitoa?"

Giga alitaka kusema ndiyo. Uongo ulikuwa kazi yake, na huo ulikuwa mmoja tu, mdogo. Haukutoka.

"Cheka," mwanamke alimwambia.

"Dada..."

"Mara moja. Cheka."

Hakucheka yeye. Kitu kilipanda kutoka chini ya mbavu zake, chepesi, cha furaha, kikatoka kinywani kwa sauti ya mtoto wa miaka mitatu, kikapanda, kikapanda, kikaishia kwenye kwikwi.

Mwanamke alianguka juu ya beseni akilia. Alilia muda mrefu, na uso wake ulikuwa na furaha ya kutisha. Alipoinuka, alifuta macho na kumwambia kwa sauti isiyo na chuki tena, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi:

"Nenda nyumbani kabla binti yako hajalala. Mtazame vizuri. Utakachokiona leo ndicho utakachobaki nacho."

*

Alikimbia. Mwanamume mzima, tumbo mbele, anakimbia barabarani anasema kwa sauti, "Kipusa, Kipusa, Kipusa," na watu wanampisha. Alikuwa na shauri moja tu kichwani. Kama ni picha ya mwisho, basi iwe nzuri. Ataingia, atasimama katikati ya chumba, ataucheza mchezo. Mtoto atacheka mpaka aanguke, na yeye atamtazama anavyocheka, na hiyo ndiyo itakayobaki. Mwanamke yule alikuwa ameachiwa mirija puani. Yeye atabaki na kicheko. Alijiona amempiga chenga.

Alifungua geti. Akasikia miguu ya mtoto ikikimbia ndani.

Sebule ilikuwa na mwanga, mkewe alikuwa amenunua balbu mwenyewe. Pazia lilikuwa linatikisika. Soksi za njano chini yake, vidole vinacheza kwa hamu.

Giga alisimama katikati ya chumba.

Kuna maneno ya kusema hapa. Alijua kuna maneno. Aliyatafuta, na pale yalipokuwa palikuwa na ukuta mrefu, na mkono mdogo unahesabu matofali.

Pazia lilisubiri.

"Baba?" Sauti ndogo. "Bado hujanitafuta."

Alifungua mdomo. Neno lolote lingetosha. Angesema jina lake tu, jina aliloimba njia nzima...

Kikatoka kicheko.

Chepesi, cha mtoto, kinapanda. Hakikuwa chake, na hakikukoma alipobana midomo. Kipusa alichungulia pembeni ya pazia akiwa bado anatabasamu, akamtazama baba yake usoni. Kwikwi ikapiga. Tabasamu la mtoto likafa pale pale. Akarudi nyuma, akajikunja ukutani, pazia limemfunika nusu, akaanza kupiga mayowe.

"Mama! Mama! Siyo Baba huyu! Siyo Baba!"

Mkewe alitoka jikoni mbio. Giga aliwanyooshea mikono. Kadiri alivyotaka kuwaomba, ndivyo alivyocheka.

*

Mkewe alimchukua mtoto, wakaenda kwa bibi yake. Fundi simu anasema walimpeleka Giga kwa madaktari, wakampiga picha za tumbo, hakikuonekana kitu. Kibanda kipo. Kadi ishirini zenye lebo mpya bado zimepangwa kwenye kioo, bei ileile, na haipiti siku bila mtu kusimama kuziulizia. Kila jioni mwanamke mwenye viatu vyeusi anainama chini ya mlango wa chuma, anakaa kwenye kigoda, na Giga anamsimulia. Siku ya beseni. Siku ya blenda. Wanacheka pamoja, na majirani wanapandisha sauti za redio.

Ukimwuliza Giga ana watoto wangapi, atakwambia mmoja, wa kiume. Atakusimulia mpaka uchoke. Halafu uso utambadilika, atasogea karibu na sikio lako na ile harufu yake ya machungwa, na atakuuliza kama unamjua mtoto fulani wa kike, ana soksi za njano, yuko nyuma ya pazia analia, na yeye hajui ni wa nani.